Vampaya, mumiani na elfu ishirini ya kibanda umiza

Marahaba mdogo wangu wa boda pale Nyegezi stendi. Swali lako nimelisoma mara mbili maana mara ya kwanza nilicheka kabla sijamaliza. Kwa faida ya wengine niliweke hapa kwa kifupi: mlikuwa kibanda umiza mnaangalia muvi ya vampaya, ile ya kutafsiriwa, ikafika pale jamaa anapigwa na jua anageuka majivu, mmoja wenu akasema "kumbe kama mumiani tu", mwenzake akamrukia, mumiani na vampaya wapi na wapi, vampaya ni mtu aliyekufa akarudi, ananyonya damu kwa meno na jua likimgusa kwisha habari yake, mumiani ni mtu aliye hai na gari lake, anakamata watu awatoe damu. Ubishi ukakolea, kila mmoja akaweka buku kumi, hela ukashikishwa wewe, na sasa unaniuliza mimi mwalimu wa fasihi simulizi nikupe "maana kamili ya vampaya, ile ya kitaalamu" ujue umkabidhi nani hiyo elfu ishirini. Mwishoni ukachomekea: na popobawa nae anaingia wapi?

Nianze na hilo la jua, kwa sababu huyo wa pili naona alikuwa anajiamini sana. Kitabu cha Dracula cha Bram Stoker kilitoka 1897. Humo ndani Dracula anatembea London mchana kweupe, watu wanamwona barabarani, nguvu zake mchana zinapungua ila haungui wala hageuki majivu. Jua la kumuua lilikuja 1922 kwenye sinema ya Kijerumani ya kimya kimya inaitwa Nosferatu, mwishoni jua la asubuhi linampata na anatoweka kama moshi. Yani sharti ambalo mwenzako kalishikilia kama ndo uti wa mgongo wa vampaya lina miaka mia na kidogo tu na limetoka kwenye sinema. Ukisema kila asieungua na jua sio vampaya, basi Dracula mwenyewe umeshamtoa nje, na sijui utabaki na nani.

Sasa turudi nyuma zaidi, maana hapo ndo patamu. Mwaka 1725, kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Austria, alifariki mkulima mmoja anaitwa Petar Blagojević, akazikwa kama watu wote. Baadae ndani ya siku nane wakafa watu tisa, na kabla ya kukata roho walikuwa wanasema marehemu kawajia usingizini, kawalalia juu, kawakaba koo. Wanakijiji wakamng'ang'ania afisa wa serikali mpaka akaja kushuhudia kaburi linafukuliwa, na yule afisa akaandika ripoti, ripoti ikachapwa gazetini Vienna, ndo sababu leo mimi na wewe tunaijua. Aliandika kwamba mwili haujaoza inavyotakiwa isipokuwa pua imeanza kubonyea, nywele na kucha kama zimeongezeka, ngozi ya juu imebanduka na chini yake inaonekana nyingine mpya, na mdomoni kuna damu mbichi. Wakampigilia mti wenye ncha kifuani, damu ikamtoka mdomoni na masikioni, wakamchoma moto mpaka akaisha.

Mtu aliyewahi kufanya kazi mochwari hiyo ripoti haimshangazi, na sisi wa ziwani pia, ambao tumeona mtu aliyezama anavyoibuka siku ya tatu, hatushangai sana. Mwili ukianza kuoza unajaa gesi, unavimba, rangi inabadilika inakuwa nyekundu inayoelekea weusi, majimaji yenye rangi ya damu yanasukumwa na gesi yanatokea puani na mdomoni, ngozi ya juu inavuka kama soksi, nyama ya kidole ikinywea kucha inaonekana ndefu. Wale wanakijiji hawakutunga. Waliona kweli walichokiona, wakakipa maelezo yaliyokuwepo kijijini.

Ila angalia sura ya huyo vampaya. Ni mkulima, kavimba, mwekundu, mnene, anakaba. Yule bwana mwembamba mweupe kama karatasi, suti, koti refu, sauti ya kubembeleza, aliletwa na waandishi, na aliyempa ubwana mkubwa alikuwa daktari mmoja Muingereza, John Polidori, kwenye hadithi yake ya 1819. Ukiwaweka benchi moja yule wa Kisiljevo na huyu wa suti hawatasalimiana, kila mmoja atamshangaa mwenzake katokea wapi. Na wote wawili wanaitwa jina moja.

Haya, tufanye hivyo hivyo unavyotaka, tutafute maana ya kitaalamu. Shuleni tulifundishwa maana nzuri inataja kwanza kundi, alafu inataja kinachokitofautisha na wenzake wa kundi hilo. Kwaiyo tuseme: vampaya ni mfu anayerudi kunyonya damu ya walio hai. Fupi, safi, unaweza kuiandika ubaoni. Tatizo linaanza ukiitoa nje ya darasa ukatembea nayo. Wachina wana jiangshi, maiti iliyokakamaa mikono mbele inaruka ruka kama kuku aliyefungwa miguu, katika hadithi za asili anachovuta ni ile nguvu ya uhai na sio damu, ila kwenye vitabu vya Wazungu anaitwa vampaya wa Kichina. Wamalay wana penanggalan, huyo ni mwanamke aliye hai kabisa, mchana unamsalimia sokoni, usiku kichwa kinachomoka kinaruka na utumbo unaning'inia chini, kinatafuta damu ya wanawake wanaojifungua. Hajafa huyo. Waewe wa Ghana na Togo wana adze, anapenya ndani ya nyumba kama kimulimuli, ni mambo ya uchawi, kaburi halihusiki. Mmoja hanywi damu, mmoja hajafa, mmoja anakuja kwa umbo la mdudu, na wote utawakuta ensaiklopidia chini ya kichwa kimoja cha habari, kwa sababu mgeni alipofika alitafuta neno lililokuwa karibu mfukoni mwake akawabandika.

Ukiona hivyo unasema basi tulegeze, iwe chochote kinachonyonya damu. Sawa, karibu mbu, karibu ruba. Ukikaza tena unabaki na jamaa wawili watatu wa kwenye muvi. Kuna mwanafalsafa anaitwa Wittgenstein alilitolea hili mfano wa michezo: bao, karata, mpira, rede ya watoto, zote tunaita mchezo ila ukitafuta kitu kimoja kilichopo kwenye zote hukioni, wanafanana kama ndugu wanavyofanana msibani, huyu pua ya marehemu, yule mwendo wake, mwingine kicheko, na unajua hawa ni wa nyumba moja bila kuweza kusema kwa nini. Mi huwa nasema vampaya ni ukoo wa namna hiyo, tena ukoo ambao nusu ya watoto wameletwa na mtafsiri.

Kwenye mumiani naomba nikae kidogo, maana ni wetu na huwa anapitiwa haraka.

Neno lenyewe limesafiri. Kwa Waajemi mumiya ilikuwa lami nyeusi ya kutibia, mtu akivunjika mfupa anapakwa. Ndo neno hilo hilo lililozaa mumia, zile maiti za Misri zilizokaushwa, watu waliona weusi wake wakadhani ni ile lami, na kwa karne kadhaa maduka ya dawa Ulaya yaliuza unga wa mumia na wateja walikunywa. (Yani kama tunatafuta nani alikuwa anakula wafu kwa uhakika, wenye risiti ni hao.) Kwetu lilifika pwani kama jina la dawa. Mmisionari Krapf, Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, kwenye kamusi yake ya Kiswahili iliyochapwa 1882 ameiweka mumiani kama dawa ambayo kwa imani ya wenyeji Wazungu huitengeneza kutokana na damu ya mtu. Umeona hapo? Mumiani ni dawa. Bado hajawa mtu. Jina lilikuja kuhama baadae, likatoka kwenye chupa likaenda kwa yule anaetumwa kuijaza.

Na lilipoingia bara likabadilika kila linapovuka mpaka. Enzi za ukoloni pwani walisema mumiani, Uganda na Kenya ya upande wa ziwa walisema wazimamoto, sehemu za kwetu wakasema chinja-chinja, kule Zambia wakasema banyama. Wazimamoto kwa maana halisi kabisa, wale wa gari jekundu, maana watu walijiuliza, nyumba zetu za nyasi zinaungua kila siku hatuwaoni, sasa wale wanazunguka na tanki usiku wanabeba nini? Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi za namna hii akaziandikia kitabu kizima mwaka 2000. Ukizisoma zile simulizi kuna kitu kinakugonga. Hakuna meno. Hakuna kaburi, hakuna jua, hakuna kitunguu saumu. Kuna gari, kuna sindano, kuna ndoo, kuna shimo la kufichia watu, na kuna mshahara. Vampaya wa Ulaya ananyonya kwa sababu ana njaa, damu inaingia tumboni kwake inaishia hapo. Wetu hainywi ile damu hata tone, anaipeleka sehemu. Mumiani ana bosi. Ukiniuliza tofauti moja tu ningeshika hiyo, na wala sioni kama ni ndogo.

Mi mwenyewe nishawahi kukimbia mumiani. Nilikuwa mdogo, tunaishi kwa bibi kijijini upande wa Sengerema, Landrova ikatokea inakuja na vumbi lake, bibi akanidaka kola ya shati akanisukumia ndani ya ghala la mahindi na binamu zangu wawili, akafunga, akakaa nje mlangoni anapepeta ulezi kama hajui kitu. Humo ndani giza, mapumba yanawasha, binamu anataka kupiga chafya tunamziba pua. Nikachungulia kwenye upenyo. Wakashuka watu wawili, mmoja kavaa buti za mpira, kafungua sanduku la bati akatoa sindano, na naapa ilikuwa ya chuma na kubwa kama pampu ya baiskeli. Nikajua leo ndo leo. Walikuwa mabwana mifugo wamekuja kuchanja ng'ombe. Ila mpaka bibi anafariki hakukubali, alikuwa anasema ng'ombe walichanjwa kwa sababu watoto hawakuonekana.

Na kabla hujamcheka bibi yangu ngoja nikupe kitu. Hapa Mwanza utafiti wa ugonjwa wa matende una historia ndefu, kituo cha utafiti kilianzishwa 1949. Sasa vijidudu vya matende vina tabia moja, mchana vinajificha ndani huko kwenye mapafu, usiku ndo vinatoka kwenye mishipa ya juu ambako mbu anauma. Kwaiyo anaetaka kuvipima kwa darubini inabidi damu aitoe usiku, kuanzia kama saa nne na kuendelea. Hebu jiweke wewe ni mvuvi miaka hiyo, umechoka, umelala, mtu anabisha hodi saa tano usiku na taa mkononi, anataka damu ya kidole, hujamwambia unaumwa, dawa hakupi, anaipaka damu yako kwenye kipande cha kioo anaondoka nayo. Utamwitaje? Sayansi yake ilikuwa sahihi kabisa na bado kwa maelezo ya kijijini anajaza kila kisanduku cha mumiani.

Mambo haya yana upande wa machungu pia, nitapita haraka ila siwezi kuuruka. 1959 pale Buguruni, Dar, umati wenye hofu ya mumiani uliua askari polisi. Juzi tu, 2017, kusini mwa Malawi uvumi wa wanyonya damu uliua watu kadhaa mikononi mwa makundi ya raia, mpaka Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya mbili.

Sasa kuna jambo la lugha ambalo huwa nalifurahia peke yangu darasani, wanafunzi wanasinzia. Angalia ngeli. Mchawi, wachawi, kama mtu na watu, haina shida, mchawi ni mtu. Msukule je? Misukule. Kama mti na miti, mto na mito. Alikuwa mtu, tukaamini kafa, tukaamini kachukuliwa analimishwa shamba usiku, na wingi wake ukahamia upande wa miti. Mzimu mizimu, mzuka mizuka, humo humo. Najua kuna mjanja atasema mbona mtume ni mitume, sawa, ngeli sio mahakama. Na tukija kwenye kitenzi tunamrudishia utu wake, tunasema msukule ameonekana, hatusemi umeonekana. Zimwi nalo limekaa na dubwana kwenye ukubwa, methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, linakujua, yani lina akili na mahusiano na wewe, na bado linaitwa "li" kama jiwe. Mumiani ndo kabisa hatujakubaliana, huyu anasema mamumiani, yule wamumiani, mwingine mumiani hivyo hivyo wengi na mmoja. Lugha yenyewe imesita kusema hivi vitu ni watu, ni vitu, au ni kitu gani. Halafu wewe unataka mimi nisisite.

Na yule mtafsiri wenu wa muvi nae msimlaumu. Nimewahi kumsikiliza mmoja, ndani ya saa moja na nusu yule yule vampaya kamwita jini, akamwita shetani, akamwita mnyonya damu, akamwita mzimu, na mara moja alipochoka akamwita "huyu mshenzi". Kibanda kizima kilielewa.

Labda utasema ugumu huu ni wa kila kiumbe. Ni kweli kidogo. Chukua furu wetu wa ziwani. Mvuvi wa Kirumba anasema furu, basi. Wanasayansi wanasema ziwani kulikuwa na aina kama mia tano, kabla sangara aliyeletwa miaka ya hamsini na kitu hajawafyeka, na kuzitenganisha aina hizo ni kichwa kuuma, wanaangalia meno yalivyokaa, wanaangalia rangi ya dume, wanabishana miaka. Ila wakibishana kuna samaki mezani. Anayesema meno ni ya namna hii, mwenzake anachukua koleo anafungua mdomo wa samaki, wanahesabu, mmoja ananyamaza. Meno ya vampaya tutayahesabia wapi? Ukibisha kuhusu meno ya vampaya mimi nakuonyesha muvi, wewe unanionyesha muvi nyingine, na zote mbili zina haki sawa. Hakuna samaki. Kuna wasimuliaji tu, na msimuliaji akibadilisha kitu hakuna wa kumwambia umekosea, mwaka unaofuata kila mtu anasimulia kama yeye. Ndo kilichotokea kwa lile jua la 1922. Hiki ndo kiini cha jibu langu, mengine yote ni mboga.

Kuna hadithi ya Kisukuma inayolijua tatizo hili kuliko wanafalsafa. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, masala kwa Kisukuma ni akili. Kijana alipokua akauliza, mama, mbona tupo wawili tu, watu wako wapi? Akaambiwa wamemezwa na Shing'weng'we. Akatoka kwenda kulitafuta, na hajawahi kuliona. Akamkamata panzi, akarudi anashangilia, mama, nimeliua Shing'weng'we! Mama akasema hapana mwanangu, huyo panzi tu. Akarudi na ndege, mama akasema huyo ndege. Akarudi na swala, hapana. Safari zote hizo mama hakai chini akamwambia Shing'weng'we lina miguu mingapi, lina rangi gani, linalala wapi. Anachojua ni lisivyokuwa. Mpaka siku kijana anakutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima, na kisu kwa bahati mbaya kikamkata bibi mmoja sikio, bibi akaja juu sana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Niliwahi kuwapa wanafunzi karatasi wachore Shing'weng'we, baada ya kuwapeleka Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mmoja akachora mamba mwenye manyoya. Mmoja akachora duara jeusi na mdomo, basi. Binti mmoja wa Buhongwa akachora kosta yenye meno, mlangoni konda ananing'inia, watu wamebanana ndani vioo vyote vimejaa nyuso. Nilimpa alama nyingi kuliko wote na sijawahi kujutia.

Mwanafalsafa Mmarekani Saul Kripke kwenye mihadhara yake ya 1970 aliuliza swali linalofanana na hili kuhusu yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja. Alisema hata wachimbaji wakifukua mifupa ya mnyama wa namna hiyo kesho, hawatakuwa wamemgundua yule wa hadithi, kwa sababu hadithi haikutoa maelezo ya kutosha kusema ni mnyama wa aina gani hasa, na mfanano peke yake hautoshi. Kwa hiyo mtu akivua fupa kubwa kule Ghuba ya Speke asije akaniambia kapata Shing'weng'we. Mi kwa hilo namkubali Kripke, ila naona yule mama kwenye makapi alikuwa kashafika hapo zamani.

Unaweza kusema mwalimu haya ni maneno ya kunywea kahawa, yana shida gani. Yana shida pale mtu anapotaka kuyatumia kwa mtu aliye hai. Sheria yetu ya uchawi ni ya 1928, ya mkoloni, ipo mpaka leo, na ukisoma kipengele chake cha tafsiri hakisemi uchawi ni nini, kinasema ni pamoja na hiki na hiki na hiki, ulozi, kuroga, kutumia vifaa vya uchawi, kudai una nguvu za siri au elimu ya siri. Na kifaa cha uchawi ukikifuatilia unakuta humo ni pamoja na kitu ambacho kwa kawaida watu wanaamini kina nguvu hizo. Yani mwandishi wa sheria alifika ukutani kama sisi, akageuza, akawaachia watu waamini yeye aandike. Simlaumu. Maria Theresa, mtawala wa Austria, mwaka 1755 alimpa daktari wake Gerard van Swieten kazi ya kuchunguza habari za vampaya zilizotoka Moravia, ripoti ilipokuja alipiga marufuku watu kufukua na kuchoma maiti. Hakuhitaji maana ya vampaya kwa hilo, alihitaji kuzuia majembe yasiende makaburini.

Kwetu Usukumani majembe hayakwenda makaburini, mapanga yalikwenda kwa bibi. Maana ya mchawi ilikuwa imekosekana kwa hiyo watu wakachukua alama, macho mekundu. Bibi amepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na kuni mbichi miaka arobaini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi umemla macho, yamekuwa mekundu, basi ushahidi umepatikana. Bibi yangu mimi macho yake yalikuwa mekundu. Huwa nalikumbuka hilo kila mwanafunzi anaponiambia mwalimu tuwekee sifa za mchawi ubaoni tunakili.

Sasa hela za watu. Popobawa kwanza nimmalize, ni rahisi. Alivuma sana Pemba 1995, akaruka Unguja mpaka Dar, jina ni popo na bawa, kinachosimuliwa ni kwamba anawavamia watu usiku vitandani, anawakandamiza na kuwadhalilisha, na watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto unawaka. Damu hanyonyi. Kwa kipimo cha damu sio vampaya. Kwa kipimo cha kulalia watu na kuwakaba usingizini, yuko karibu na yule mkulima wa Kisiljevo kuliko Dracula alivyo karibu nae. Chagua kipimo.

Na hapo ndo penye tatizo la dau lenu. Huyo wa kwanza anaona mumiani ni vampaya kwa sababu anaangalia kinachochukuliwa, damu ya mtu bila ridhaa. Wa pili anaona sio kwa sababu anaangalia anaechukua, kafa au yuko hai, ana meno au ana sindano. Wote wameshika kitu cha kweli na wameweka hela kabla ya kukubaliana wanapima kwa kipi, sawa na kuweka dau nani mkubwa bila kusema kwa umri au kwa urefu. Wa pili kwenye jua kakosea, mwonyeshe hiyo 1897. Wa kwanza kwenye "kama mumiani tu" kakosea pia, mwambie mumiani ana bosi. Ila hakuna aliyekosea kiasi cha kuliwa buku kumi. Kila mtu mrudishie yake, leo leo, maana najua watu wa boda, hiyo elfu ishirini ikilala na wewe hadi kesho itakuwa imeshaingia kwenye mafuta, na mumiani watakayemtafuta hapo Nyegezi atakuwa wewe.